Asbesto Kazini: Jinsi ya Kujikinga na Kuilinda Haki ya Fidia

Magonjwa ya asbesto, madini ya nyuzi yaliyotumika sana katika vifaa vya ujenzi, hayaji haraka. Kati ya siku mfanyakazi anapovuta vumbi la asbesto na siku daktari anapomwambia kwamba ana mezotelioma, yaani saratani ya utando unaozunguka mapafu, kwa kawaida hupita miaka 20 hadi 50, na kufikia hapo huenda kampuni imeshafungwa, wafanyakazi wenzake wametawanyika na kumbukumbu za ajira zimetupwa. Kwa hiyo anayefanya kazi penye asbesto ana mambo mawili ya kufanya tangu leo: kuyalinda mapafu yake, na kuhifadhi ushahidi ambao huenda akauhitaji uzeeni.

Anza kwa kujua asbesto iko wapi. Katika majengo ya zamani hupatikana kwenye vigae na mabamba ya kuezekea, mabomba ya saruji, dari, vigae vya sakafu na kitambaa kinachofunika mabomba ya mvuke na boila; kwenye magari, hasa ya zamani, imo katika pedi za breki na klachi. Bamba zima lisiloguswa lina hatari ndogo. Hatari huja linapokatwa kwa msumeno, kutobolewa au kuvunjwa, kwa kuwa nyuzi zinazoruka ni nyembamba mno kuonekana kwa macho na hazina harufu. Huwezi kuitambua asbesto kwa kuitazama tu. Sampuli hupimwa maabara, na hadi majibu yatoke ni busara kuichukulia kuwa ipo.

Ikiwa lazima kazi ifanyike, nyenzo hizo zilowanishwe kwanza, zisifagiliwe zikiwa kavu, wala vumbi lisipulizwe kwa hewa ya kompresa, kosa linalofanyika sana wakati wa kusafisha breki. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii nyuzi hizi; kinachofaa ni kifaa cha kupumulia chenye kichujio maalumu, kinachobana uso vizuri. Nguo za kazi zibaki kazini. Kuna wake wa wafanyakazi waliougua bila kukanyaga kiwandani hata siku moja, kwa sababu tu waliyakung'uta na kuyafua maovaroli ya waume zao. Mkataba namba 162 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1986, unakataza nguo hizo kupelekwa nyumbani na unamtaka mwajiri kugharimia ufuaji wake, basi mwajiri anayekwambia ukafue mwenyewe anakutwika mzigo usio wako.

Sasa ushahidi. Andika katika daftari jina kamili la kila mwajiri na mkandarasi, tarehe, mahali, kazi uliyofanya, majina ya bidhaa yaliyochapwa kwenye mifuko au maboksi, na wenzako mliokuwa nao zamu moja. Tunza mikataba, hati za mishahara, picha na nakala za barua ulizoandika kulalamikia vumbi. Karatasi hizi huonekana hazina maana hadi siku wakili atakapouliza, "Ulijuaje kwamba ile ilikuwa asbesto?"

Ukipata kikohozi kisichoisha, kuishiwa pumzi au maumivu ya kifua, mweleze daktari kazi ulizowahi kufanya, hata za ujanani, kwani bila hivyo anaweza kutibu kitu kingine kabisa. Omba historia hiyo iandikwe kwenye faili na upewe nakala ya picha za eksirei. Anayevuta sigara aache sasa, maana sigara na asbesto kwa pamoja huzidisha mno hatari ya saratani ya mapafu.

Kwa upande wa sheria, njia ya kwanza ni mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ambako kwa kawaida hulazimiki kuthibitisha uzembe wa mwajiri bali kwamba ugonjwa umetokana na kazi. Njia ya pili ni kumshtaki mwajiri, au mtengenezaji wa bidhaa. Katika nchi nyingi kulipwa na mfuko huzuia kumshtaki mwajiri lakini hakuzuii kumdai mtengenezaji, kwa hiyo usisaini makubaliano yoyote kabla ya kumwonyesha wakili anayejua magonjwa ya kazini. Kufungwa kwa kampuni si mwisho wa madai: bima yake ya wakati ule au kampuni mama inaweza kuwajibika. Mwaka 2000 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliwaruhusu maelfu ya wadai kutoka Afrika Kusini kuishtaki jijini London kampuni mama iliyomiliki machimbo ya asbesto.

Angalia sana ukomo wa muda wa kufungua madai. Mara nyingi huhesabiwa kuanzia siku ulipojua ugonjwa na chanzo chake, lakini unaweza kuwa mfupi, hivyo mtafute wakili au chama cha wafanyakazi mara tu majibu yanapotoka. Mgonjwa aliyedhoofika atoe mapema maelezo yake kwa kiapo. Akifariki, wategemezi wanaweza kuendeleza madai, na ripoti ya uchunguzi wa maiti huwa ushahidi mzito, kwa hiyo familia imuulize wakili kabla ya mazishi.