Kulitunza Gari Kwenye Hewa ya Chumvi: Mwongozo kwa Wenye Magari wa Tanga

Mtu anayeishi Raskazone, akafanya kazi mjini na kununua mahitaji yake Ngamiani, huenda asifikishe kilomita 5,000 hata kwa miezi minane. Akikitazama kibandiko alichowekewa na fundi pembeni mwa kioo, ataona kwamba siku ya kumwaga oili bado iko mbali, na atajipongeza kwa kulitumia gari kidogo. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Gari la Tanga huchakazwa na mahali linapolala kuliko na mwendo linaokwenda: chumvi ya bahari, unyevu wa mwaka mzima, na safari fupi ambazo haziipi injini nafasi ya kupata moto sawasawa. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unahesabu miezi kabla ya kilomita, na unaanzia chini ya gari, mahali ambapo wengi wetu hatuchungulii.

Chumvi hunyonya unyevu kutoka hewani, kwa hiyo bati lenye vumbi la chumvi hubaki na majimaji hata siku ambayo mvua haikunyesha. Kwa gari linalolala karibu na ufuko, chini ya bodi paoshwe angalau mara moja kila wiki mbili, hasa ndani ya mabawa ya magurudumu, na paoshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Jambo hili la mwisho hupuuzwa sana. Visima vingi vilivyo karibu na pwani vina maji ya chumvi, na si kila mwosha magari anachota bombani. Onja tone moja ulimini kabla hajaanza kazi. Aibu yake ni ndogo kuliko gharama ya kuchomelea bati.

Kila mlango una matundu madogo kwenye ukingo wake wa chini. Maji ya mvua yanayopenya kando ya kioo hushuka ndani ya mlango na kutokea hapo. Mchanga na takataka zikiyaziba, maji hutuama na bati huanza kuliwa kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Chukua chelewa moja kutoka kwenye ufagio wa uani, uipenyeze katika kila tundu taratibu, ukiizungusha, mpaka uone njia imefunguka. Nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza, mlango wa nyuma wa kushoto ulitoa maji kiasi cha kikombe cha kahawa, mekundu kama chai ya rangi, na haikupita wiki mbili rangi ikaanza kuvimba mahali pale pale. Nilikuwa nimechelewa. Chini ya waipa nako kuna mfereji wenye matundu ya namna hiyo, na anayeegesha chini ya mwarobaini ajue kwamba majani yake membamba huuziba kwa muda mfupi sana.

Anayebeba samaki kutoka soko la samaki la Deep Sea ana sababu ya ziada ya kuwa makini. Maji ya barafu ya samaki ni maji ya chumvi, na yakichuruzika kwenye buti hujikusanya chini ya zulia, ndani ya shimo la tairi la akiba. Weka samaki ndani ya ndoo yenye mfuniko, na kila mwezi toa tairi hilo, futa shimo, uache buti wazi juani kwa saa moja. Wapo mafundi wanaopendekeza kupulizia chini ya gari oili chakavu iliyochanganywa na dizeli. Mimi siafiki, kwa kuwa mchanganyiko huo hulainisha na kuharibu mipira na bushi, na sehemu yake huishia ardhini. Dawa ya nta inayotengenezwa kwa ajili ya chesisi ni ghali zaidi lakini hukaa, mradi bati liwe limeoshwa na kukauka kabisa kwanza.

Tukija kwenye oili ya injini, kanuni yangu ni kilomita 5,000 au miezi sita, lolote litakalotangulia, na chujio libadilishwe pamoja nayo. Petroli inapoungua hutoa mvuke wa maji, na sehemu ya mvuke huo hupenya mpaka kwenye oili. Safari ndefu huukausha kwa joto, lakini safari ya dakika saba kutoka Chumbageni hadi sokoni haiwezi. Ndiyo maana inafaa kulipeleka gari Muheza na kurudi, hata mara mbili kwa mwezi. Pima oili asubuhi, gari likiwa mahali tambarare: vuta kijiti, kifute, kirudishe mpaka mwisho, kisha ukivute tena na usome kati ya alama mbili. Utando mweupe chini ya kifuniko cha kujazia oili pekee mara nyingi ni unyevu wa safari fupi, lakini oili iliyoko kwenye kijiti ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, usiwashe injini tena, kwani huenda maji ya rejeta yameingia ndani. Magari yaliyotoka Japani huja na vitabu vya Kijapani, ila namba ya uzito wa oili, kama 5W-30, husomeka kwa lugha yoyote, nayo ndiyo ya kufuatwa.

Oili ya breki inahitaji kuzungumzwa kwa kirefu kidogo, maana ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Kwa asili yake hufyonza unyevu kutoka hewani, na hewa ya hapa haina uchoyo wa unyevu. Oili ya daraja la DOT 4 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishafyonza maji kiwango hicho kinaweza kushuka mpaka nyuzi 155. Kwenye barabara za mjini hutaona tofauti. Utaiona siku unayoteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo, umekanyaga breki kona baada ya kona: oili inachemka, povu linaingia kwenye mabomba, na pedali inazama bila gari kupunguza mwendo. Badilisha oili hiyo kila baada ya miaka miwili, na kwenye mteremko tumia gia ndogo badala ya kuning'inia kwenye breki.

Kuhusu rejeta, kuna ushauri utakaopewa karibu kila gereji: "Mzee, huku kwetu joto, themostati ya nini? Tuitoe tu." Mkatalie kwa heshima. Themostati huifanya injini ifike haraka kwenye joto lake la kazi. Ikitolewa, injini hufanya kazi ikiwa baridi, hula mafuta zaidi na huchakaa upesi, na kwa sisi wa safari fupi hasara hiyo ni maradufu. Rejeta ijazwe maji maalumu ambayo mafundi huyaita kulanti, kwa kuwa yana dawa ya kuzuia kutu. Maji ya kisima huacha magaga ndani ya njia nyembamba. Kamwe usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto.

Unga wa kijani au mweupe kwenye vichwa vya betri umwagie maji ya uvuguvugu yenye baking soda kidogo, suuza, kausha, kisha paka grisi nyembamba baada ya kufunga. Waya wa hasi utangulie kufunguliwa, na uwe wa mwisho kufungwa.

Tairi zipimwe upepo zikiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Ukinunua za mtumba tafuta namba nne ubavuni: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Chujio la hewa likaguliwe kila baada ya kupita barabara za vumbi.

Mwisho, weka daftari dogo ndani ya gari. Kila kazi iandikwe tarehe, kilomita, aina ya oili na bei, na ukurasa wa kwanza uwe na mistari mitatu tu: mwezi wa kumwaga oili ya injini, mwaka wa kubadilisha oili ya breki, na siku ya kufungua matundu ya milango, ambayo mimi nimeiweka Februari, kabla masika hayajaingia.