Kuzunguka Kielder Water kwa Baiskeli: Kilomita 42 za Changarawe Bila Magari

Lakeside Way ni njia ya kilomita 42 inayolizunguka ziwa la Kielder, kaskazini mwa Uingereza, karibu na mpaka wa Uskoti. Ziwa hili si la asili. Bonde la mto North Tyne lilizibwa kwa ukuta, na Malkia Elizabeth wa Pili akalifungua bwawa hilo mwaka 1982. Msitu ulioizunguka bonde hilo ulianza kupandwa mwaka 1926, na sehemu kubwa yake ni misprusi ya Sitka, miti ya jamii ya msonobari. Njia yenyewe ni kokoto zilizoshindiliwa, na wanaoitumia ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda farasi.

Wengi wakisikia "hakuna magari" huelewa "rahisi". Hapana. Kielder hatari yake ni kuwa mbali na msaada. Upande wa kaskazini wa ziwa hauna duka, hauna mkahawa, na simu hukosa mtandao sehemu nyingi. Maandalizi yote yaliyo hapa chini yanalenga nusu hiyo ya njia.

Hatua ya 1: Chagua siku

Mei na Septemba ndiyo miezi mizuri zaidi. Juni hadi Agosti mchana ni mrefu sana, lakini usubi huwa wengi, hasa asubuhi na jioni pasipo na upepo. Ukiwa mwendoni hawakusumbui. Ukisimama kuziba pancha watakula. Beba dawa ya kufukuza wadudu, na ikiwezekana wavu wa kufunika uso.

Desemba mwanga wa mchana ni kama saa saba tu. Kwa mwendo wa kilomita 12 hadi 15 kwa saa utakaa juu ya baiskeli saa tatu hadi tatu na nusu, na ukijumlisha mapumziko ni saa nne au tano. Kwa hiyo majira ya baridi anza saa tatu asubuhi, wala usichelewe, na taa ziwe na chaji kamili. Asubuhi zenye baridi kali madaraja ya mbao huganda barafu usiyoiona.

Hatua ya 2: Andaa tairi

Hapa ndipo safari nyingi huharibika, basi tusiharakishe.

Upana wa milimita 40 hadi 45 unatosha. Baiskeli ya mlimani inafaa pia, ila itakuwa nzito kidogo. Baiskeli ya lami yenye tairi za milimita 28 iache nyumbani: njia itapitika, lakini rimu na mikono vitaumia.

Upepo wa tairi hutegemea uzito wako na upana wa tairi. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tairi za milimita 40 zisizo na tyubu, anza na psi (kipimo cha shinikizo la upepo) 30 mbele na 33 nyuma. Kama kuna tyubu ndani, ongeza psi 5 kila upande. Mzito wa kilo 90 aongeze nyingine 5 hivi. Kabla ya yote soma maandishi ubavuni mwa tairi na usivuke kiwango cha juu kilichoandikwa hapo. Kama rimu nayo ina kiwango chake, fuata kile kilicho kidogo. Pima kwa geji. Kubonyeza tairi kwa kidole gumba hakukuambii kitu.

Aliyezoea murramu wa Kenya au Tanzania ajue kwamba hapa ardhi ni nyingine. Murramu ukilowa hunata na kujaza matope kati ya tairi na fremu. Changarawe ya Kielder hupitisha maji, kwa hiyo mvua haikufungii njia, lakini juu yake hubaki vijiwe vilivyolegea vinavyoviringika chini ya tairi. Upepo ukizidi, tairi inarukaruka juu ya vijiwe hivyo na kukosa mshiko. Ukipungua mno, rimu inagonga jiwe na kuibana tyubu.

Tairi zisizo na tyubu zinahitaji dawa ya kuziba matundu, mililita 60 hadi 90 kwa kila tairi ya upana huo. Dawa hukauka baada ya miezi michache. Tikisa gurudumu karibu na sikio: usiposikia maji yakicheza ndani, ongeza.

Hatua ya 3: Breki na gia

Vilima vya Lakeside Way ni vifupi lakini vingi, na baadhi vinainuka ghafla baada ya kona. Gia nyepesi kuliko zote iwe na meno ya nyuma sawa na ya mbele au zaidi, kwa mfano 40 mbele na 42 nyuma. Ukiwa na gia za mbio za lami utalazimika kusimama juu ya pedali, na ukisimama uzito unahama kutoka gurudumu la nyuma, nalo linazunguka bure juu ya changarawe.

Pedi za breki za diski zikibaki na chini ya milimita 1 zimekwisha. Kwa safari hii usiondoke na chini ya milimita 2, maana mchanga uliolowa huzila haraka sana.

Hatua ya 4: Funga mkoba

Beba tyubu mbili, hata kama tairi zako hazitumii tyubu. Ongeza viraka na gundi, viondoa tairi viwili, pampu ya mkono, nyuzi za kuziba tundu, alenki za milimita 4, 5 na 6, kikata cheni, na kiungo cha haraka cha cheni kinacholingana na idadi ya gia zako. Kiungo cha gia 11 hakishiki vizuri kwenye cheni ya gia 12. Kuna pia kile kipande kidogo cha aluminiamu kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma kwenye fremu. Kimetengenezwa kivunjike kabla fremu haijavunjika, na kila fremu ina cha kwake. Nunua cha akiba ukiwa mjini. Ukikivunja Kielder hakuna atakayekuwa nacho.

Maji lita 1.5 au zaidi. Usinywe ya ziwani bila kuyatibu. Chakula kiwe cha kukupa gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa; ndizi moja ya wastani ni kama 25, na tende hubebeka vizuri kuliko kitu chochote. Koti la mvua ni lazima hata jua likiwaka.

Ramani ya Ordnance Survey namba OL42 inaonyesha eneo lote. Ukitumia simu, pakua ramani ukiwa bado nyumbani. Mwambie mtu saa unayotarajia kumaliza. Namba ya dharura ni 999 au 112.

Hatua ya 5: Fika na uanze

Kutoka Newcastle ni kama kilomita 80, saa moja na nusu kwa gari. Jaza mafuta na ununue chakula Hexham au Bellingham.

Anzia Tower Knowe, kituo cha wageni upande wa kusini, si mbali na ukuta wa bwawa. Kuna maegesho ya kulipia, vyoo na maji. Wengi huanzia Kielder Castle, katika kijiji cha Kielder, nako si kubaya, lakini Tower Knowe hukupa mpangilio bora: unavuka ukuta, unamaliza upande mgumu wa kaskazini miguu ikiwa bado mipya, unakula kijijini Kielder, kisha unarudi kwa upande wa kusini ambako huduma zipo. Isitoshe, upepo wa huko mara nyingi hutoka magharibi au kusini-magharibi. Ukizunguka hivi unaukabili asubuhi ukiwa na nguvu, nao unakusukuma wakati wa kurudi.

Hatua ya 6: Ukuta na upande wa kaskazini

Juu ya ukuta, wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, hakuna miti na upepo hupiga ubavuni. Shika usukani chini na uiweke baiskeli wima. Ukifika Hawkhope, ng'ambo ya pili, simama ujikague: tairi, maji, koti. Ikiwa kuna kitu hakiko sawa, rudi sasa. Hapa ni mwisho wa kurudi kirahisi.

Baada ya hapo njia inafuata kila ghuba na kila rasi, kwa hiyo usishangae ukiona ng'ambo mahali palipo karibu na bado ukatumia nusu saa kufika. Kwenye miteremko punguza mwendo kabla ya kona. Breki zote mbili kwa pamoja, taratibu, makalio nyuma kidogo, pedali zikiwa sawa kimo. Ndani ya kona achia breki ya mbele: gurudumu la mbele likiteleza juu ya changarawe halirudi, la nyuma likiteleza kwa kawaida linarudi. Kupanda, kaa kitini, inama mbele kidogo na ukanyage kwa mzunguko laini.

Juu ya mbao zilizolowa nenda wima, bila breki na bila kupinda.

Njia inakata barabara za msitu ambazo malori ya magogo hupita. Simama, sikiliza, vuka. Ukikuta kibao cha kufunga njia kwa sababu miti inakatwa, kitii hata kama ni Jumapili na husikii msumeno.

Mvua ikikukamata, tafuta Belvedere, kibanda cha chuma cha pua kilichopo Benny Shank. Ni mojawapo ya kazi za sanaa zilizotawanywa kuzunguka ziwa. Nyingine ni Silvas Capitalis, kichwa kikubwa cha mbao ambacho unaweza kuingia kwa mdomoni. Ni mahali pazuri pa kula tende.

Hatua ya 7: Ukipata pancha

Toka njiani kwanza. Kwa tairi isiyo na tyubu, weka tundu chini ili dawa ilikimbilie, zungusha, subiri dakika moja. Isipoziba, sukuma uzi ndani. Bado? Toa valvu, weka tyubu.

Kabla ya kuweka tyubu mpya, soma ile ya zamani. Matundu mawili yaliyokaa sambamba ni dalili ya kubanwa na rimu, yaani upepo ulikuwa mdogo. Tundu moja upande wa nje ni mwiba au jiwe: pitisha kidole taratibu ndani ya tairi ukitafute, la sivyo kitatoboa na ya pili. Tundu upande unaotazama rimu maana yake utepe wa rimu umesogea.

Ubavu wa tairi ukichanika, weka kitu kigumu ndani kabla ya tyubu. Kipande cha tairi kuukuu ni bora. Noti ya pauni tano, kwa kuwa sasa ni ya plastiki, inafanya kazi hiyo vizuri pia, na utaitumia tena baadaye.

Hatua ya 8: Kijijini na kurudi

Kielder Castle ilijengwa mwaka 1775 kama nyumba ya uwindaji ya Duke (mwinyi mwenye cheo kikubwa) wa Northumberland. Pumzika hapo, lakini usitegemee mkahawa bila kuhakikisha saa zake. Nje ya msimu milango mingi hufungwa mapema.

Kurudi unapita Bakethin, Lewisburn na Leaplish, kisha unaizunguka rasi ya Bull Crag kabla ya Tower Knowe. Huku kuna familia, watoto na mbwa, hasa karibu na Leaplish. Kaa kushoto, piga kengele mapema, pita polepole. Farasi usimpigie kengele; msemeshe aliyempanda kwa sauti ya kawaida ukiwa mbali, ili mnyama ajue ni mtu, kisha subiri akupe nafasi.

Ukichoka, usiikate Bull Crag kwa kuingia barabara ya C200. Ina magari yaendayo kasi, nawe ulikuja kuyakimbia.

Hatua ya 9: Baada ya safari

Osha baiskeli kwa maji yasiyo na nguvu nyingi. Ukielekeza bomba la shinikizo kwenye beringi, grisi inatoka na mchanga unaingia. Kausha cheni, tia mafuta tone moja kila kiungo, futa yaliyozidi. Kagua tairi zote mbili kwa mikato, kwa sababu mkato usiovujisha leo hufunguka safari ijayo.

Kisha kagua miguu, nyuma ya magoti na kiunoni kutafuta kupe. Mng'oe kwa kibano, ukimshika karibu kabisa na ngozi na kumvuta wima bila kumminya tumbo. Doa jekundu linalopanuka kwenye ngozi katika wiki zinazofuata ni sababu ya kumwona daktari, maana linaweza kuwa ugonjwa wa Lyme.

Anayetaka zaidi, barabara za msitu zinazotoka Kielder Castle ndizo zinazotumiwa na Dirty Reiver, safari ya kilomita 200 iliyofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Mawe yake ni makali kuliko ya Lakeside Way. Huko nenda na tairi za milimita 45 zenye ubavu ulioimarishwa, na tyubu tatu badala ya mbili.