Jinsi ya kupanga mapumziko kabla mwili haujagoma: mwongozo kwa wakimbiaji wa mbio ndefu

Kila Kilimanjaro Marathon inapokaribia, malalamiko ni yale yale: "Kocha, nakimbia kila siku lakini muda wangu unazidi kuharibika." Wiki iliyopita nilikaa na kijana mmoja wa klabu yetu, tukapitia daftari lake la mazoezi. Halikuwa na siku hata moja ya kupumzika. Niliyomwelekeza ni haya.

Hatua ya 1: Andika mapumziko kwanza

Weka siku moja ya kutokimbia kabisa kila wiki, halafu upange mazoezi kwenye siku zilizobaki. Mazoezi makali yasizidi mara tatu, na yasifuatane. Eliud Kipchoge, Mkenya aliyekimbia marathon ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9, alizoea kujikamua Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, na siku nyingine akienda taratibu. Kama yeye hakujikamua kila siku, wewe unayeamka alfajiri kisha unashinda kazini unakimbilia wapi? Na kama kazi yako ni kubeba mizigo sokoni, siku ya mizigo usiihesabu kuwa ya mapumziko.

Hatua ya 2: Pima mapigo ya moyo kila asubuhi

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo soma polepole.

Pima ukiwa bado umelala chali, kabla ya chai na kabla ya kushika simu. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba. Usitumie dole gumba lenyewe, kwa sababu lina mapigo yake na litakuchanganya. Hesabu dakika nzima. Ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, kosa la pigo moja linakuwa la mapigo manne, na tofauti tunayoitafuta ni ndogo.

Kengele ikikushtua, tulia dakika mbili tatu kwanza. Mkojo ukikubana, nenda chooni, urudi kulala dakika tano, ndipo upime. Andika kwenye daftari. Saa za mkononi zinazopima mapigo zipo, lakini mimi nasimama na vidole na daftari: havina chaji ya kuisha, na anayeandika kwa mkono huiona namba yake.

Fanya hivyo wiki mbili za mazoezi mepesi ili ujue kawaida yako. Tuseme ni 52. Ukiona 60 au zaidi siku mbili tatu mfululizo, mwili haujamaliza kujitengeneza.

Lakini usihukumu kwa asubuhi moja. Joto la usiku, pombe, mbu waliokunyima usingizi, msongo wa mawazo, vyote hupandisha mapigo. Kwa wanawake, hupanda kidogo pia katika nusu ya pili ya mzunguko wa hedhi. Homa nayo hupandisha, na huku kwetu malaria huanza na uchovu huo huo, basi kapime kwanza. Pia yapo mapigo yanayodanganya kwa kushuka: mkimbiaji aliyepitiliza mazoezi kwa muda mrefu anaweza kuwa na mapigo ya chini kuliko kawaida yake, huku miguu ni mizito na mapigo hayapandi hata akijitahidi mlimani. Huyo asifurahie namba ndogo.

Hatua ya 3: Tazama dalili nyingine

Usingizi wa mang'amung'amu ingawa umechoka, hasira za bure, kukosa hamu ya kula, mafua yasiyoisha. Msichana aliyekosa hedhi miezi mitatu amwone daktari. Mara nyingi anakula kidogo kuliko anavyotumia, na mifupa yake inadhoofika. Maumivu ya mfupa unayoweza kuyagusa kwa ncha ya kidole kimoja, hasa kwenye muundi, yanaweza kuwa ufa. Acha kukimbia siku hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Punguza mapema

Dalili mbili zikikutana na mapigo yaliyopanda, pumzika kabisa siku tatu. Lala kwa muda wa saa nane au zaidi, kula ushibe. Wiki mbili zikipita bila nafuu, nenda hospitali wapime damu, wingi wake na homoni za tezi ya shingo pia. Mkojo ukiwa mweusi kama kahawa baada ya mazoezi makali, usisubiri asubuhi.

Hatua ya 5: Rudi kwa utaratibu

Anza na dakika 20 za mwendo unaokuruhusu kuongea bila kuhema, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Ongeza dakika kwanza, kisha siku, na spidi iwe ya mwisho kabisa. Mapigo yakipanda tena, rudi kwenye kiwango cha wiki iliyotangulia, hata kama namba ya kifuani ya mbio umeshailipia.