SOMO: Kusanifu programu kwa vitu kabla hujagusa msimbo

Wakuu, kila wiki naulizwa kuanza na UML (lugha ya michoro ya kusanifu programu) au na lugha ya programu. Jibu langu linaudhi: vyote visubiri. Kwanza jifunze kukiuliza kila kitu ndani ya mfumo wako, "wewe kazi yako nini?" Tafuteni kalamu na vipande vya karatasi ngumu. Kompyuta izimeni.

Mfano wetu ni maktaba.

Hatua ya 1: Simulia

Andika kinachotokea, kwa sentensi za kawaida. "Mwanachama anaazima kitabu. Akichelewa kukirudisha anatozwa faini. Kitabu kikiwa nje, mwingine anaweza kukiwekea oda." Pigia mstari majina na vitenzi. Majina ni wagombea wa klasi (kiolezo cha vitu vya aina moja ndani ya programu), vitenzi ni wagombea wa kazi zake. Nawaita wagombea kwa sababu wengine wataanguka.

Hatua ya 2: Chuja

Hapa ndipo wengi huzama, nami nilizama. Mfumo wangu wa kwanza wa maktaba ulikuwa na klasi moja ya Kitabu: kichwa, mwandishi, na sifa ya ndiyo au hapana, kimeazimwa? Ulikwenda vizuri mpaka zilipoletwa nakala tano za kitabu kilekile. Nikakiingiza mara tano kwenye kanzidata. Baadaye jina la mwandishi likahitaji kusahihishwa. Nikalisahihisha mara tano, mara ya nne nikaruka herufi. Tukawa na waandishi wawili, mmoja hajawahi kuzaliwa.

Kosa lilikuwa kwenye neno. Watu wa maktaba wakisema "kitabu" wanamaanisha mambo mawili: kazi iliyoandikwa, na lile bunda la kurasa lenye jalada lililochanika ambalo mtu anaondoka nalo. La kwanza lina mwandishi, la pili lina namba ya mgongoni. Hizo ni klasi mbili, Kitabu na Nakala.

Halafu jiulize: tarehe ya kurudisha ni mali ya nani? Nakala itaazimwa mara nyingi, na mwanachama ataazima vingi, kwa hiyo haimkai yeyote kati yao. Ni mali ya tukio lenyewe. Basi tukio nalo ni klasi: Uazimaji. Ukianza kuona vitu visivyoshikika kwa mkono kama huu, umeshaanza kusanifu.

Hatua ya 3: Kadi

Mbinu hii waliieleza Kent Beck na Ward Cunningham mwaka 1989, na wao waliitumia kufundishia. Kila klasi ipewe kadi yake. Juu andika jina, kushoto majukumu, kulia klasi inazoshirikiana nazo. Kisha gaweni kadi mezani mwigize.

"Nataka kuazima," anasema mwenye Mwanachama. Mwenye Nakala anainua kadi: "Niko rafuni." Nani anajua kama mwanachama ana kitu alichochelewesha? Kimya. Mwenye Uazimaji anashtuka: "Tarehe ninazo mimi." Jukumu linaandikwa papo hapo.

Kadi ikijaa mpaka mnaandika nyuma, ina uchoyo, igaweni. Na mkiona kadi inaitwa MenejaMfumo, ichaneni. Hiyo ndiyo klasi inayomeza kazi za wenzake wote.

Hatua ya 4: Sasa chora

UML ilizaliwa kwa kuunganisha mbinu za Grady Booch, James Rumbaugh na Ivar Jacobson, ikapitishwa na shirika la viwango la OMG mwaka 1997. Toleo la 2.5 lina aina 14 za michoro. Msiogope, mnahitaji miwili kuanzia: mchoro wa klasi na mchoro wa mfuatano (nani anamwomba nani nini, kwa mpangilio). Wa tatu, mchoro wa hali, uchoreni kwa Nakala tu: rafuni, imeazimwa, imeshikiliwa kwa oda, imepotea.

Kwenye mchoro wa klasi, namba za mwisho wa mstari ndizo zenye utamu. Kitabu kimoja kina nakala 1..* (moja au zaidi) au 0..* (sifuri au zaidi)? Ukiandika 0..* umekubali kitabu kilichoagizwa ambacho hakijafika, au ambacho nakala zake zote zimepotea. Kamuulize mkutubi, usikisie.

Hatua ya 5: Msimbo

Andika kisa kimoja tu, kuazima, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kikikwama, rudi kwenye kadi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, mbona urithi, yaani klasi kuchukua sifa na kazi za klasi nyingine, hujaugusa? Mimi nimefanya Mwanafunzi na Mwalimu warithi Mwanachama.

Mwanafunzi akihitimu akaajiriwa kufundisha hapohapo, utafanyaje? Kwenye lugha ya Java kitu hakibadili klasi yake kikishaumbwa. Itakubidi umfute umuumbe upya, na historia yake uihamishe. Mpe Mwanachama sifa ya aina ya uanachama, yenye idadi ya siku na ya vitabu. Urithi utumie pale tu ambapo mtoto anaweza kukaa mahali pa mzazi bila mtu kushtuka. Barbara Liskov alilieleza hilo mwaka 1987. Mraba ukirithi Mstatili, anayebadili upana peke yake atakuta urefu nao umebadilika.

Faini ikokotolewe wapi, kwa Mwanachama au Uazimaji?

Siku za kuchelewa anazijua Uazimaji, zikokotolewe huko. Kiwango cha faini kitenge kwenye klasi yake, maana kanuni hubadilika.

Natumia Python. Haya si mambo ya Java?

Ni ya zamani kuliko zote mbili. Simula 67 ilitengenezwa Norway na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, na shabaha yao ilikuwa kuiga mifumo halisi ndani ya kompyuta. Klasi zilianzia huko.

Nichoree kwa programu gani?

Karatasi. Ukichoka, PlantUML: unaandika maneno, yenyewe inachora.

Mwalimu, maktaba yangu imefika kadi 31. Ni sawa?

Igizeni kuazima, kurudisha na kuweka oda. Kadi ambayo haikuinuliwa hata mara moja iwekeni pembeni, halafu niandikie majina ya zilizobaki.