SOMO: Kuosha na kutunza tanga la windsafingi hapa Ziwa Victoria

Wadau wa windsafingi, ule mchezo wa kusimama kwenye ubao wenye tanga, nimeandika hili mara moja ili nisilirudie kila wiki. Mtu ananitumia picha ya tanga lenye madoa meusi, anauliza aanze na Jik au na petroli. Asianze na yoyote kati ya hizo. Someni mpaka mwisho ndipo muulize.

Maelezo mengi mnayoyakuta mtandaoni yameandikwa na watu wa baharini. Kwao adui ni chumvi, ambayo ikikauka huacha punje ngumu zinazokwaruza tanga na kula mishono. Sisi tuko kwenye maji baridi, chumvi hatuna. Tuna jua la ikweta, tena kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na tuna unyevu wa mvua za Machi hadi Mei. Matanga ya Kisumu yanakufa kwa jua na kwa unyevu. Tope la Ghuba ya Winam, hapa kwetu, halijaua tanga la mtu.

Lijue tanga lako kwanza. Ile sehemu angavu unayoona ng'ambo yake ni monofilimu, yaani poliesta isiyofumwa. Sehemu yenye nyuzi za miraba ndani ni ya matabaka: filimu mbili zimegandishwa kwa gundi, nyuzi ziko katikati. Ile nyeupe inayoshikika kama kitambaa, hasa kwenye mfuko wa mlingoti, ni dakroni. Monofilimu hukakamaa na kupasuka, matabaka huachana, dakroni hushika ukungu.

1. Chomoa mlingoti na ulegeze fito, yaani vile vijiti vinavyolipa tanga umbo.

2. Tandaza tanga kwenye nyasi au turubai safi. Usitandaze kwenye saruji wala mchanga.

3. Mwagia maji mengi kabla ya kugusa chochote. Ukisugua mchanga ukiwa bado juu, umepiga filimu msasa. Mfuko wa mlingoti umwagie maji kutoka upande mmoja yatokee wa pili, kwa sababu mchanga na mizizi ya magugu maji hujificha humo.

4. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, matone machache kwenye karai, na sponji laini. Sabuni ya unga acha, punje ambazo hazijayeyuka hukwaruza.

5. Suuza hadi povu liishe.

6. Kukausha. Hapa ndipo matanga mengi yanapoharibikia, kwa hiyo someni polepole. Tanga halianikwi juani saa nzima nzima. Miale ya jua hukata minyororo ya poliesta, monofilimu inapoteza ung'avu, inakuwa ngumu, kisha siku moja unaanguka juu yake na mguu unapita. Pia haliachwi likipigapiga kwenye upepo wa ziwa wa mchana. Kila pigo linakunja filimu na kulegeza gundi. Lining'inize kivulini, barazani au chini ya mwembe, mahali hewa inapita taratibu. Anza asubuhi, kwa sababu mvua zetu hupenda kuja alasiri na jioni. Halafu usidanganywe na uso wa tanga. Uso hukauka upesi, lakini mfuko wa mlingoti na mifuko ya fito ina kitambaa maradufu na hubaki na maji muda mrefu. Ingiza mkono ndani ushike. Kama vidole vinahisi ubaridi, bado.

Ukilikunja likiwa na unyevu na kuliweka chini ya mabati, lile joto ndilo ukungu unalolitaka. Kwenye dakroni ukungu hauli uzi wenyewe, unakula jasho, uchafu na mabaki ya sabuni. Kitambaa kitabaki na nguvu ila doa halitoki lote. Kwenye matabaka ni mbaya zaidi: ukungu ukishaingia kati ya filimu mbili, hakuna sabuni itakayoufikia.

7. Kunja kwa kuviringisha, kuanzia kichwani kushuka chini, sambamba na fito. Monofilimu haipigwi mkunjo kama shati. Weka ndani ya mfuko wake, juu ya rafu, mbali na panya.

Vilivyokatazwa: petroli na thina (vinayeyusha gundi), brashi ya nguo, pasi, mashine ya kufulia, na ile bomba ya presha ya kuoshea magari.

Na usioshee tanga ziwani. Sabuni yenye fosfeti inalisha magugu maji, ambayo yametusumbua tangu miaka ya 1990, na kwenye yale maji ya kina kifupi yenye majani kuna konokono wa kichocho. Chota kwa mtungi, oshea mbali na ufuo, na hayo uliyochota yaache yalale siku mbili nzima kabla ya kuyashika, kwa sababu viluwiluwi vya kichocho haviishi zaidi ya siku moja au mbili bila kupata mtu.

MASWALI

Kijana wa Milimani: Boss, Jik naweza weka kidogo tu?

Jibu: Hapana. Mstari wa kwanza wa somo.

Fundi Kondele: Mkuu, nimesoma yote. Nataka tu kuelewa, Jik inaharibu nini hasa?

Jibu: Swali zuri, ndugu. Poliesta yenyewe huvumilia Jik iliyochanganywa na maji mengi. Shida ni kwamba tanga la windsafingi si poliesta peke yake. Mikanda mara nyingi ni nailoni, na zile nyuzi za manjano kwenye matanga mengine ni aramidi, jamii ya Kevlar. Klorini inazidhoofisha zote mbili, na zipo hasa pale tanga linapobeba nguvu. Kwa ukungu wa dakroni jaribu siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Ipake, iache kidogo, sugua kwa sponji, suuza sana. Doa litafifia na ukungu utakoma kusambaa.

Omera wa Usare: Langu limeraruka. Nifanyeje?

Jibu: Limeraruka wapi? Refu kiasi gani? Monofilimu au kitambaa?

Omera wa Usare: Monofilimu, urefu wa kidole.

Jibu: Safisha kwa spiriti, acha ikauke, bandika tepu ya matanga pande zote mbili, pembe za tepu uzikate ziwe duara ili zisibanduke. Ile tepu ya kahawia ya kufungia katoni jua litaikausha, na gundi itabaki kwenye tanga. Likipasuka zaidi ya shibiri, peleka kwa fundi wa maturubai, umwambie ashone zigizagi kwa uzi wa poliesta, asitumie wa pamba.

Mzoefu: Mimi naanika juani mwaka mzima na halijapasuka. Unatisha watu bure.

Jibu: Lishike kwenye mwanga uangalie karibu na fito. Ukiona vijistari vyembamba vyeupe, limeshaanza. Jua halipasui siku ya kwanza, na sijaandika kwamba linafanya hivyo.

Janam wa Mbita: Mimi ni mvuvi. Matanga yetu mengine ni ya marekani, mengine tumeshona magunia. Somo hili linatufaa?

Jibu: Linakufaa sana, mzee wangu. Marekani ni pamba, na hapo ukungu unakula uzi wenyewe, kwa hiyo kukausha kwenu kuna uzito kuliko kwetu. Zamani wavuvi wa sehemu nyingi walilowesha matanga na nyavu za pamba kwenye maji ya magome yenye tanini ili zisioze. Gunia la plastiki ni kinyume chake: haliozi, ila jua hulimaliza upesi mpaka linabomokea mkononi. Mkishafika ufuoni lishusheni mlifunike, msiliache mlingotini siku nzima.

Janam wa Mbita: Asante. Na mimi niwape moja. Sami, wale wadudu wadogo wa ziwa wanaoruka kwa makundi, wakitua tangani kwa wingi, usiwapanguse wakiwa wabichi, watapakaa na rangi haitoki. Waache wakauke, kisha ulitikise.

Jibu: Ero kamano, mzee. Kwa hiyo wenye sami wasimwage maji kwanza kama nilivyoandika kwenye hatua ya tatu. Naibadilisha sasa hivi.