Robo eka chini ya Mlima Meru: mwaka wa mboga, majani ya viungo na maua ya kukata

Robo eka ni takriban mita za mraba 1,000. Ukitoa njia, kitalu, lundo la mboji na kibanda cha kufungashia, hubaki nafasi ya matuta kama 50, kila moja upana wa mita 1 na urefu wa mita 10. Katika miteremko ya Meru, kuanzia Usa River hadi juu ya Tengeru mkoani Arusha, eneo hilo linatosha kukupeleka gulioni Jumatano na Jumamosi mwaka mzima, ukiwa na mboga, vichane vya majani ya viungo na ndoo mbili tatu za maua. Sharti lake ni kwamba msimu uanzie kitaluni, wiki nne hadi nane kabla hali ya hewa haijageuka. Anayengoja tone la kwanza la masika ndipo atafute mbegu atavuna siku moja na majirani zake wote, na siku hiyo kabichi haina bei.

Anza na siku ya kuuza

Andika kwenye daftari tarehe unayotaka kuvuna, kisha hesabu kurudi nyuma. Kwa miinuko hii alizeti za mapambo huchukua siku 55 hadi 65 tangu mbegu iingie ardhini, zinia siku 70 hadi 80, matunguu ya gladiola siku 80 hadi 100. Giligilani ya majani ni siku 40 hadi 50, karoti siku 90 hadi 100. Kabichi hukaa kitaluni wiki nne au tano na shambani siku 75 hadi 90 zaidi. Zao litakalokua kati ya Juni na Agosti liongezee siku 10 hadi 14, maana baridi hulichelewesha.

Kwa hiyo maua ya Krismasi hupangwa Septemba: gladiola zipandwe katikati ya mwezi huo, alizeti zifuate tarehe 20 Oktoba. Wakati wa Kwaresima harusi za makanisani hupungua sana, kwa hiyo usilenge maua mengi yakomae majuma hayo. Lenga Pasaka, madhabahu zinapohitaji kupambwa. Pasaka huhama kila mwaka, basi angalia kalenda kabla ya kusia.

Kosa kubwa hapa ni kupanda tuta zima kwa siku moja. Alizeti za shina moja hupandwa kwa nafasi ya sm 15 kwa 15, hivyo tuta moja hubeba karibu 400. Nani atanunua alizeti 400 Jumamosi moja? Ligawe tuta mara nne, upande robo kila baada ya wiki mbili. Giligilani ifanyie hivyohivyo, na saladi pia.

Kitalu

Hapa ndipo penye kazi ya kuifanya kwa moyo. Chagua mahali penye jua la asubuhi, karibu na maji, mbali na palipokuwa na nyanya mwaka jana. Changanya ndoo 3 za udongo wa juu, ndoo 2 za mboji iliyoiva na ndoo 1 ya mchanga wa mtoni. Mboji iliyoiva hunukia udongo, wala hainuki samadi. Chomeka fimbo katikati ya lundo, iache dakika chache, kisha ichomoe uishike: ikiwa bado ya moto, lundo halijaiva.

Vimelea vya udongoni viue kwa jua. Lowanisha udongo wa kitalu, ufunike kwa nailoni angavu, fukia kingo zake zote, uache wiki nne hadi sita za Januari na Februari. Nailoni nyeusi haifai sana kwa kazi hii, kwa sababu hunyonya joto yenyewe badala ya kulipitisha hadi kwenye udongo.

Kwa nyanya, hoho na kabichi, chora mistari yenye kina cha sm 1, ikiachana sm 15. Dondosha mbegu moja moja kila sm 2 au 3. Ukizimimina kwa kiganja utapata msitu wa miche myembamba inayogombania mwanga. Funika kwa udongo laini, tandaza nyasi kavu zisizo na mbegu, umwagilie asubuhi. Kuanzia siku ya tano kagua chini ya nyasi kila jioni. Ukiona shingo za miche zimeinama kama ndoano zikichungulia, ondoa nyasi jioni hiyohiyo. Ukichelewa siku mbili tu miche hurefuka, hupauka, na haitakaza shina tena. Nyasi hizo zipandishe juu ya chanja ya kimo cha mita 1 ziwe kivuli.

Adui wa kitalu ni kinyausi. Mche ulio mzima jana utaukuta leo umelala, na ukiutazama kwa karibu utaona shina limenywea kama uzi pale linapokutana na udongo, ilhali majani bado ni mabichi. Huletwa na miche iliyobanana, maji ya jioni yanayolala juu ya udongo usiku kucha, na samadi ambayo haijaoza. Mche uliokwisha kuanguka hauponi. Ng'oa iliyoanguka pamoja na udongo unaoizunguka, acha kumwagilia siku moja, punguza iliyobaki ili hewa ipite.

Siku 7 hadi 10 za mwisho punguza maji na kivuli ili miche ikomae. Mche wa nyanya uko tayari ukiwa na majani halisi manne au matano na shina la unene wa penseli. Hamisha jioni au siku ya mawingu, ukiwa umemwagilia kitalu saa mbili kabla. Ushike kwa jani, usiushike kwa shina, kwa kuwa jani likichanika litaota jingine, shina likipondeka mche umekwisha.

Giligilani haitaki kitalu, wala haipendi kuhamishwa. Kila punje yake ni mbegu mbili ndani ya ganda moja. Zitandaze mkekani, uzikandamize kwa chupa mpaka zigawanyike, loweka usiku mmoja, kisha sia moja kwa moja tutani kwa kina cha sm 1.

Masika, Machi hadi Mei

Nyanyua matuta sm 20 hadi 25 na uache mitaro inayotoa maji nje ya shamba. Changanya samadi iliyooza, kama kilo 30 kwa tuta. Huu ni wakati wa kabichi, sukuma wiki na kitunguu majani, na ndio wakati mzuri kuliko wote wa kuzidisha viungo vya kudumu. Mchaichai ugawe mashina. Nanaa ikate vipande vyenye mizizi, na uizungushie bati au ndoo iliyotobolewa chini, la sivyo itakula tuta la jirani. Vipandikizi vya rozmari vya sm 10 hadi 15, vilivyopukutishwa majani ya chini, huota mizizi baada ya wiki nne hadi nane kwenye mchanga wenye unyevu.

Nyanya ya nje wakati wa masika hatuishauri. Ugonjwa wa bakajani chelewa hupenda majani yaliyolowa na hewa ya baridi, na hayo ndiyo masika yenyewe. Huanza na baka la kijani kilichokolea kama limemwagiwa maji ya moto, likageuka kahawia, na asubuhi na mapema ukigeuza jani utaona utando mweupe kwa chini. Linaweza kumaliza tuta ndani ya wiki moja. Dawa za kinga kama mankozebu hufanya kazi zikiwa juu ya jani kabla ugonjwa haujaingia, na mvua kubwa huziosha. Anayenyunyiza baada ya kuona mabaka ametupa pesa. Na dawa yoyote ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye kifungashio. Anayekula nyanya hiyo anakuamini, ziheshimu.

Kabichi ilindwe dhidi ya viwavi vya nondo mgongo almasi, vinavyotoboa majani na kuacha ngozi nyembamba kama dirisha. Kagua chini ya majani mara mbili kwa wiki. Kichwa kikishakaza kivune. Ukikiacha shambani mvua kubwa ikafuata siku kavu, mizizi hunywa kuliko ngozi inavyoweza kupanuka, na kichwa hupasuka.

Mvua ikianza kupungua katikati ya Mei, sia karoti. Gramu 5 za mbegu changanya na vikombe viwili vya mchanga mkavu, ugawe katika mistari minne ya tuta moja. Tandaza nyasi hadi ziote, siku 10 hadi 14. Baada ya wiki tatu au nne punguza zibaki kila sm 5. Karoti yenye miguu miwili imekutana na samadi mbichi, jiwe au udongo uliokazana, kwa hiyo zilime tuta lililokuwa na kabichi, bila kuongeza samadi mpya.

Baridi, Juni hadi Agosti

Nyanya zilizosiwa katikati ya Mei ziingie shambani mwishoni mwa Juni, nafasi ya sm 60 kwa 50. Tanya na Tengeru 97, aina zilizotolewa mwaka 1997, bado zinafaa kwa mkulima anayesafirisha, kwa sababu ngozi yao ni ngumu na hazipondeki upesi ndani ya tenga. Aina ndefu zisimike kwa fito za mita 1.8, ukikata machipukizi ya kwapani yakiwa bado chini ya sm 5. Kukata machipukizi makubwa huacha kidonda kikubwa.

Umande wa asubuhi huendeleza bakajani, hivyo mwagilia chini, usiloweshe majani, na uondoe majani ya chini yanayogusa udongo. Mmea ukinyauka ghafla ukiwa bado mbichi, kata kipande cha shina la chini, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka baada ya dakika chache, huo ni mnyauko bakteria. Ng'oa mmea na udongo wake, utoe nje ya shamba, na tuta hilo usilirudishie nyanya, hoho, bilinganya, viazi wala mnavu kwa miaka isiyopungua mitatu. Watu husahau mnavu, kumbe ni wa ukoo huohuo.

Tunda likioza kitako, tatizo mara nyingi ni maji ya leo mengi na kesho hakuna: chokaa ya udongoni husafiri na maji, nayo haikufika. Tuta hutaka lita 40 hadi 60 kwa siku kavu, yaani debe mbili au tatu. Matuta 50 ni kama lita 2,500. Kama unategemea mfereji wa zamu, piga hesabu hiyo kabla ya kupanda, upande matuta ambayo maji yako yanayaweza. Tandaza nyasi unene wa sm 5.

Viwavi vya kantangaze, nondo aliyeingia nchini mwaka 2014 hivi, huchora vyumba vyeupe ndani ya jani na kutoboa tunda. Ng'oa majani yenye vyumba tangu siku ya kwanza uyafunge kwenye mfuko wa nailoni juani. Ukiyatupa njiani umewasaidia kutoka.

Rehani (basil) hudumaa miezi hii. Iache, na usiitie kwenye jokofu ukiivuna, kwani huwa nyeusi.

Vuli na maua

Mvua za vuli huja kuanzia mwisho wa Oktoba. Joto likirudi Septemba, rehani ikifika sm 20 ikate juu ya jozi ya pili au ya tatu ya majani, itoe matawi. Ikianza kuchanua majani hupungua.

Maua yakate alfajiri, kabla jua halijapiga, uyatumbukize papo hapo kwenye ndoo safi. Ndoo yenye utelezi huziba shina kwa bakteria. Isugue, na katika lita 4 za maji tia kijiko kimoja cha chai cha klorini ya kufulia. Alizeti ikate petali zinapoanza kunyanyuka kutoka usoni. Gladiola ikate ua la chini kabisa linapoonyesha rangi, ukiacha majani manne yalishe tunguu la msimu ujao. Zinia haifunguki ikishakatwa, kwa hiyo ingoje ifunguke kabisa, kisha shika shina sm 20 chini ya ua ulitikise. Likisimama imara, kata. Kichwa kikiyumba, ua hilo litainama kabla halijafika kanisani. Ubwiri unga, ule unga mweupe juu ya majani ya zinia, hupungua ukipanda kwa nafasi ya sm 25 hadi 30 na kukata mara kwa mara.

Kiangazi, Januari na Februari

Tuta lenye minyoo fundo, ambalo mizizi yake huwa na vinundu, lijaze merigoldi za Kifaransa kwa miezi miwili au mitatu, bila mmea mwingine kati yake, kisha uzifukie. Safu moja pembezoni haisaidii. Matuta mengine yalime kwa mbonyeo, kingo zikiwa juu, ili maji machache yakae penye mizizi. Funika kitalu kwa nailoni tangu wiki ya kwanza ya Januari, ukifunue tarehe 8 Februari, uache udongo upoe siku mbili. Sia kabichi za masika tarehe 10: mbegu 50 kwa kila tuta utakalopanda, kwa kuwa tuta hubeba vichwa 40 na kumi ni za kujazia mapengo.