Demani si shuka: namna ya kuzoea nahau za Kiingereza na vitenzi vyenye mkia

Mwaka wangu wa kwanza wa kutembeza wageni Lamu, usiku mmoja kijijini Shela, mama mmoja wa Kiingereza aliniona nikihangaika huku na huku kumtafutia mto wa pili. Akaniambia, "Oh, please don't put yourself out." Mimi nilijua "put out" ni kuzima. Nikazima taa ya chumbani, nikatoka nikazima na ya barazani. Tukabaki gizani, kila mmoja anamngoja mwenzake aseme neno. Kumbe alikuwa akiniambia nisijisumbue.

Na Kiingereza nilikuwa nimefaulu shuleni, tena vizuri. Lakini Kiingereza chetu cha darasani ni cha "postpone", "tolerate" na "extinguish". Mgeni anayeshuka uwanja wa ndege wa Manda akiwa na mkoba mgongoni husema "put off", "put up with" na "put out". Kitenzi kimoja kifupi, mikia mitatu (yale maneno madogo yanayokifuata), maana tatu zisizojuana. Mgawanyiko huu una historia yake: Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa kwa muda mrefu, na pamoja na Kilatini kikaleta maneno mengi ya mahakama na vitabu. Yale mafupi ya zamani yakabaki jikoni na shambani. Sisi wenyewe tunalijua jambo hili. Tangazo la ofisini litasema mgeni "amewasili", na mtoto mlangoni atapiga kelele "amefika!"

Basi haya ni kwa mtu ambaye Kiingereza anacho tayari, ila wenyewe wakianza kuzungumza baina yao anapotea. Vitenzi hivi mimi huviita vitenzi vyenye mkia, kwa sababu maana yote imo mkiani.

Hatua ya kwanza: kumbuka kwamba unavyo

Kabla ya kulalamika kwamba Waingereza wametuonea, mfikirie mgeni anayejifunza Kiswahili. Amefundishwa kwamba kupiga ni kuchapa. Kisha anasikia piga simu, piga pasi, piga hodi, piga magoti, piga mbizi, piga chafya, piga deki. Nani anachapwa? Hakuna. Wewe hukukariri orodha ya kupiga; ulizikuta nyumbani, kila moja na shughuli yake. "Get" na "put" ni kupiga yao.

Tena tuna kitu kinachofanana na mkia wao zaidi ya hicho. Tunasema kutupilia mbali, kufia mbali, kuuzia mbali. Lile "mbali" si umbali wa maili. Linasema jambo limekwisha, halirudi. Mwingereza naye anasema "sell off" na "kill off". Siku nilipoliona hili niliacha kuviogopa.

Hatua ya pili: kusanya kwa mkia

Vitabu vingi hupanga kwa kitenzi: ukurasa mzima wa "get", ukurasa mzima wa "take". Njia hiyo humchosha mtu mapema, kwa sababu vitu ishirini vya ukurasa mmoja havina undugu. Geuza. Chukua mkia, uone unavuta wapi.

"Off" kwa kawaida hutenganisha. "Set off" ni kung'oa nanga. "Drop off" ni kumshusha mtu mahali na wewe ukaendelea. "Cut off" ni kukatiwa, kama kisiwa kilichopotelewa na mtandao. "Put off" ni kuisukuma siku mbele, iwe mbali na leo, na "call off" ni kuivunja safari kabisa. Hizo mbili za mwisho mwongozaji asizichanganye. Moja mgeni bado atakulipa, nyingine atataka rubuni yake, fedha aliyotanguliza.

"Up" mara nyingi humaliza: "eat up", kula kikaisha, "use up", kutumia hata kisibaki, "dry up", kukauka kau. "Out" hutoa jambo hadharani: "find out" ni kuja kujua, "point out" ni kumwonyesha mtu asichokiona, "turn out" ni ile "kumbe" yetu. Ukitaka kufasiri "kumbe alikuwa daktari", jaribu "he turned out to be a doctor", na utaona inavyokaa.

Nisikudanganye kwamba mikia ina sheria kama za mizani. "Make up" peke yake ni kutunga uongo, ni kupatana baada ya kununiana, ni kufidia muda uliopotea, tena ni kujipamba. Hapo hakuna mvuto utakaokusaidia, bali kuzisikia zikitumika. Ila mvuto hukupa pa kuanzia kubahatisha, na anayebahatisha kwa akili hupatia mara nyingi.

Hatua ya tatu: mweke mtu mahali pake

Hapa ndipo sisi Wakenya tunapojulikana. Niliwahi kumwandikia mgeni: "I will pick you at the airport." Akajibu: "Out of how many?" Nilisoma mara tatu sijafahamu. Bila mkia, "pick you" ni kukuchagua; kumpokea mtu ni "pick you up". Na simu vilevile huwa "pick up", wala si "pick" kavu tunavyosema. Upande wa pili tunabandika mikia pasipotakiwa. "Cope up with" haipo, ni "cope with". "Discuss about" nayo iache, "discuss" inajitosheleza.

Sasa yule "you", kwa nini amekaa katikati? Kwa vitenzi vingi vya aina hii, kitu kikiwa na jina unaweza kukiweka popote: "turn off the engine" au "turn the engine off". Kikiwa kiwakilishi, lazima kiingie katikati: "turn it off". Ukisema "turn off it" mgeni atakuelewa, lakini sikio lake litajikwaa. Ila "look for" haikubali kutenganishwa: "look for it", basi.

Utajuaje kipi ni kipi? Sikiliza mkazo. Sema "I'm looking for it": uzito uko kwenye "look", na "for" inapita kama pepo. Sema "I'm looking it up", yaani nalitafuta neno kamusini: uzito unahamia "up". Mkia ukibeba mkazo, kiwakilishi huingia katikati. Mkia ukimezwa, kiwakilishi hufuata nyuma. Wako wakaidi, "look after" akiwamo, hao uwakariri tu.

Na hapa kuna mtego wa ulimi wetu. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo Mwamu, mtu wa Lamu, akitamka "put off" huibana "put" na kuiachia "off" ife. Mgeni anabaki na "put" mkononi, hajui cha kuifanyia. Zoezi langu ni la kipuuzi lakini linafaa: simama barazani, sema "put it off, pick it up, turn it down", na kila ukifika mkiani ugonge ukuta kwa kiganja. Fanya wiki nzima. Majirani watauliza, waache waulize.

Hatua ya nne: nahau, zitafute baharini

Sehemu hii naipenda kuliko zote, na mtu wa Lamu ana mtaji ambao mwanafunzi wa Nairobi hana. Waingereza ni watu wa kisiwa, wameishi karne nyingi kwa matanga, na lugha yao imejaa kamba na upepo. Siku hizi wengi wao husema maneno hayo bila kujua mlingoti ni nini. Wewe unajua.

Chukua "three sheets to the wind". Nilipoikuta mara ya kwanza nilifikiri ni shuka tatu zimeanikwa. Lakini "sheet" ya chombo si shuka, wala si tanga. Ni demani, ile kamba inayoshika pembe ya nyuma ya tanga. Demani zikifunguka zote zikawa zinapeperuka, tanga halishikiki na chombo kinayumba ovyo. Msemo huo ni wa mlevi. Sisi tunasema mtu amepiga maji, nao wanasema demani zake tatu zimemtoka.

"Taken aback" nilifunzwa na nahodha mmoja mzee asiyejua kusoma Kiingereza. Nilimsomea maelezo ya kamusi, akanitazama tu. Kisha akachukua kikoi na fimbo ya ufagio, akasimama ukingoni mwa gati upepo ukivuma. "Ndoo uone," akaniambia kwa Kiamu, yaani njoo uone. Aliushika upepo nyuma ya kikoi, kikajaa kama tumbo. Halafu akageuka ghafla upepo ukampiga kwa mbele: kikoi kikabandikana na fimbo, pa! "Sasa chombo chenda wapi?" Hakiendi. Kimesimama, kinatetemeka, na mabaharia wameduwaa. Ndivyo alivyo mtu aliye "taken aback", kapigwa na butwaa. Na angalia, kupiga tena imo.

"High and dry" sisi tunalo neno lake moja tu: kupwelewa. Maji yamekupwa, mashua imekaa mchangani. "He left me high and dry" ni mtu aliyeondoka akakuacha umepwelewa, bila fedha wala msaada. Aliyewahi kwenda Takwa, kwenye magofu ya kisiwa cha Manda, anaijua hali hii mwilini, kwa sababu mkondo wa mikokoni unaingilika maji yakijaa tu; ukipiga soga magofuni ukasahau saa, utarudi magharibi. Na ukiwahi kwa tundu la sindano, mkuku ukagusa mchanga kisha ukapita, hiyo ni "touch and go": jambo lililokuwa linaweza kwenda huku au kule.

Ziko nyingine. "In the offing" ni jambo linalokuja karibuni, kwani "offing" ni ile bahari ya nje inayoonekana kutoka pwani. Simama Shela utazame mlangoni mwa bahari, chombo unakiona lakini hakijafika. "Give him a wide berth" ni kumpisha mbali, kama unavyoupisha mwamba. "Sail close to the wind" ni kukaribia mno kuvunja sheria, na anayejua kupiga bisho, yaani kwenda kinyume na upepo kwa kukata huku na huku, ataona mara moja kwa nini: ukizidi kidogo kuuelekea upepo, tanga linakufa.

Tahadhari moja. Intaneti imejaa hadithi tamu za asili ya misemo, na nyingi zimetungwa. Kama hadithi ni tamu mno na ina mfalme ndani, itilie shaka. Picha ikikusaidia kukumbuka, itumie, ila usiende kumhubiria mgeni.

Hatua ya tano: jua za kuacha

"It's raining cats and dogs" iache shuleni. Mimi sijawahi kumsikia mgeni akiisema isipokuwa kwa mzaha. "Kick the bucket" ni kufa, lakini ni kwa utani, kwa hiyo usimwambie mtu aliyefiwa. Wala usihamishe za kwetu neno kwa neno: aliyemwaga unga kwetu hana kazi, kwao ana sakafu ya kufagia.

Chumvi ndiyo inayonichekesha. Kwetu msimuliaji ndiye anayetia chumvi. Kwao chumvi huishika msikilizaji: "take it with a pinch of salt", usiamini yote. Kwa hiyo mvuvi wa kwetu akisimulia ukubwa wa samaki, chumvi inatoka pande zote mbili.

Hatua ya sita: tumia, ukiwa na watu

Wiki moja, misemo mitano, haizidi. Kwa kila mmoja andika sentensi ya jambo lililokutokea wewe, si mfano wa kitabu. Kamusi za wanafunzi za Oxford na Cambridge zimo mtandaoni bure, na zinakuonyesha hata kiwakilishi kikae wapi: ukiona "put something off", lile "something" katikati ndilo jibu la hatua ya tatu. Kisha jirekodi kwa simu, usikilize kesho yake. Utajichukia, kisha utajirekebisha.

Barua unayoimalizia kwa "look forward to" iangalie sana. Baada ya "to" hiyo huja "-ing": "I look forward to meeting you." Vijana wengi huandika "to meet", na ndio mstari wa mwisho ambao mgeni anausoma.

Juzi kijana mmoja ninayemfundisha jioni pale uwanja wa Mkunguni alimwandikia mgeni wake: "I'll pick you up at Manda at ten. If the tide is too low we'll put Takwa off till Thursday." Sikugusa hata herufi. Jibu likaja palepale, akanisogezea simu na uso mkavu kabisa: "Lovely, but don't put yourself out."

"Mwalimu," akaniuliza, "nizime taa?"